Mwanya si Pengo

Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka. Mwanya ni nafasi aliyojaliwa mtu baina ya meno yake mawili ya mbele. Pengo ni upungufu. Mwanya, kwa wazee wetu wa pwani, ni urembo. Hata hivyo, wapo wazazi wanaouona mwanya wa mtoto kuwa ni ugonjwa wa kutibiwa haraka. Hebu tuiulize historia.

Uarabuni, katika karne ya 7, mwanya ulipendwa hata wakawapo wanawake waliochonga meno ili waupate. Twalijua hilo kwa kuwa hadithi za Mtume zilizokusanywa na Bukhari na Muslim zinawalaani wanaojitia mianya kwa ajili ya uzuri. Kilicholaaniwa ni kubadili maumbile, wala si mwanya wa kuzaliwa nao.

Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Geoffrey Chaucer alimpa mwanya mwanamke wa Bath, aliyekwisha olewa mara tano. Zama zile watu walidai kuisoma tabia usoni, na mwanya ukahesabiwa kuwa alama ya ashiki. Wafaransa, kwa upande wao, huyaita meno ya namna hiyo meno ya heri.

Marekani, mwanamitindo Lauren Hutton alikuwa akiuziba mwanya wake kwa nta ili apigwe picha. Mwaka 1973 alipata mkataba mnono na kampuni ya vipodozi ya Revlon, na mwanya wake ukawa ndio sifa yake.

Basi meno ni yale yale. Macho ya watazamaji ndiyo yanayobadilika.

Aghalabu mwanya ni urithi: meno ni madogo kuliko taya, au ukano unaounganisha mdomo wa juu na ufizi umeshuka hadi katikati ya meno. Kwa watoto wengi wa miaka 8 au 9, mwanya hujifunga wenyewe chonge zinapoota, yapata miaka 11 au 12. Wa kuogopwa ni ule unaomzukia mtu mzima na kuzidi kupanuka, huku fizi zikitoka damu. Huo ni dalili ya maradhi. Mwone daktari wa meno.

Lakini mtoto anayecheka na mwanya wake, mzazi, kabla hujamtafutia waya, zisubiri chonge zake. Na zikishaota mwanya ukabaki, muulize kwanza mwenyewe kama unamsumbua.