Kijivu cha wastani (rangi ya nyumba)

Kijivu cha wastani ni rangi ya kuta za ndani iliyo kati ya nyeupe na nyeusi. Kijivu cha katikati kabisa kwa jicho la binadamu huakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Kwa chumba chenye dirisha dogo, hufaa kijivu chepesi zaidi na dari nyeupe.

Mahali pia huathiri rangi hii. Kwa mfano, huko Kiberege, katika Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, adui mkuu wa rangi ni unyevu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hubambua rangi chini ya ukuta, hasa masika. Lipu mpya ya saruji huachwa ikauke takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Kijivu chenye unjano kidogo hupendeza pamoja na samani za mtiki, mti unaopandwa bondeni humo.