Kanzu na Kura

Zamani Tippu Tip alipokaa Kasongo, watu wengi wa nchi hii walivaa kanzu, wakajifunza Kiswahili, wakaitwa Waungwana. Jina hilo halikutoka katika damu. Lilitoka katika vazi na katika bwana waliyemfuata. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji. Bwana akabadilika, na jina likabadilika: Wabelgiji wakawaita watu walewale “waliofanywa Waarabu”. Wakusu wa kwetu na Watetela wa Sankuru, ambao asili yao ni moja, wakahesabiwa makabila mawili.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Lumumba kiliomba kura kwa jina la Kongo moja, kikapata viti 33 katika 137, kuliko chama kingine chochote. Hata hivyo, mpaka leo wako wagombea wanaokuja Kasongo na Kabambare na neno moja tu: “Mimi Mbangubangu mwenzako.” Wengine huvaa rozari shingoni mpaka siku ya kura ipite.

Basi tusichague vazi. Tumwulize kila mmoja: Jana ulimtendea jirani nini? Kesho barabara ya Kabambare utaitengeneza?