Mchanga wa kusubia wa kutengenezwa

Mchanga wa kusubia wa kutengenezwa ni mchanganyiko wa mchanga safi wa silika, udongo wa kunata na maji, unaopimwa ili kufinyangia kalibu za chuma kilichoyeyushwa. Ule wa asili huchimbwa ukiwa na udongo wake tayari.

Udongo huo wa kunata kwa kawaida ni bentonaiti, takriban asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Maji ni machache zaidi. Fundi hufinya konzi moja: ikibaki na alama za vidole, na ikivunjwa isimung'unyike, mchanga umeiva.

Mkoani Pwani, Tanzania, malighafi ya mchanga huu ipo. Miamba ya Pugu, wilayani Kisarawe, ina udongo wa kaolini uliochanganyika na chembe za kwatzi, yaani silika; kuosha huvitenganisha. Kaolini hustahimili joto kuliko bentonaiti, ila hunata kwa shida.