Habari za Maandishi na Elimu katika Mji wa Kigali

Mji wa Kigali ulianzishwa katika mwaka wa 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa serikali ya Kijerumani. Pamoja na Wajerumani waliingia askari, makarani na wafanya biashara kutoka pande za Tanganyika na pwani, wakiwa na Kiswahili chao na misahafu yao. Na katika mwaka wa 1913 ukasimama Nyamirambo msikiti uitwao Al-Fatah. Elimu ya watoto wao ilikuwa ya chuoni: mkeka, ubao, na mwalimu mwenye subira.

Wabelgiji walipoishika nchi katika mwaka wa 1916, mambo yaligeuka. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni, nazo zikasaidiwa kwa fedha za serikali. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe ajue hesabu na Kifaransa alijikuta baina ya mambo mawili, ama mtoto abatizwe, ama abaki nje. Wengi walichagua la pili, na gharama yake ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Waislamu walijulikana kwa udereva na biashara ndogo ndogo, lakini katika ofisi, mahali maandishi ya nchi yalipotungwa na kuwekwa, walikuwa wachache mno. Hata ilipoundwa jumuiya ya AMUR katika mwaka wa 1964, baada ya uhuru, upungufu huo ulikuwa ungali wazi. Asiyeingia shuleni hakuandika, na asiyeandika alielezwa na wengine.

Yafaa msomaji ayaweke haya moyoni ndipo aione thamani ya kazi iliyofanywa Gisozi, kilima cha pili cha mji huo huo. Huko ndiko iliko Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa katika mwezi wa Aprili 2004, mauaji hayo yalipotimiza miaka kumi, nayo ina makaburi ya watu zaidi ya 250,000. Mwezi wa Desemba 2010 ikazinduliwa hapo hazina ya kidijitali ya maandishi, picha na sauti, isomekayo kwa njia ya intaneti. Watu waliookoka walirekodiwa wakisimulia. Magazeti ya zamani yakapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Hata kanda za redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza katika mwaka wa 1993 na kuwachochea watu kuua, zikawekwa. Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, kilishirikiana katika kazi hiyo ya kuhifadhi. Hekima yake si ndogo, kwani katika 1994 ofisi nyingi ziliporwa na karatasi kupotea. Nakala iliyo ng'ambo ya bahari haiungui pamoja na nyumba.

Lakini kupiga picha karatasi ni nusu tu ya kazi. Karatasi elfu zisizo na orodha ni sawa na sanduku lililofungwa, ufunguo ukatupwa. Yampasa mtunzaji aandike jina la mahali, tarehe na jambo linalosemwa, ndipo mwanafunzi aulizapo apate. Maandishi ya mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwezi wa Juni 2012, yakisiwa kuwa kurasa milioni 60; hapo ndipo mtu aonapo kwamba uvumilivu wa mwenye kuorodhesha ni elimu yenyewe.

Mwaka huo huo wa 2012 ikafunguliwa Maktaba ya Umma ya Kigali, Kacyiru, baada ya juhudi zilizoanzwa na wanachama wa Rotary mwaka wa 2000. Kompyuta zake huwafaa wasio nazo nyumbani. Kijana wa Biryogo, ambaye babu yake alikataliwa mlangoni mwa shule, aweza leo kuketi na kuusoma ushahidi wenyewe bila kuulizwa dini yake.

Nao ushahidi haumbembelezi mtu. Atasoma habari za Mabare, upande wa mashariki, ambako Waislamu na wakimbizi waliojihami pamoja waliuawa msikitini mwezi wa Aprili 1994, na atajua kwamba sifa ya wale waliowaficha jirani zao si hadithi tupu. Atalikuta pia gazeti la Kangura, lililochapisha "Amri Kumi" zake za chuki mwezi wa Desemba 1990. Na mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa Mwislamu, akahukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka wa 2003. Jumuiya ipendayo kusimulia habari ya kwanza na kuificha ya pili haitaweza tena, maana zote mbili zaweza kusomwa na mtoto yeyote.

Limebaki jambo la lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka wa 2017, ilhali simulizi za Gisozi kwa kawaida hutolewa kwa Kinyarwanda, na kufasiriwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtoto wa Nyamirambo ana Kinyarwanda, haimsumbui. Mwanafunzi wa Kigoma au wa Bukavu aliye na Kiswahili peke yake aweza kuifungua kurasa ile ile, akaona uso wa msimulizi na kuisikia sauti yake, naye bado angoja mtu wa kumfasiria.