Msikilizaji Anapohesabiwa: Uchunguzi wa Usikilizaji wa Redio na Historia ya Lac Vert, Goma

1. Utangulizi

Historia ya redio katika Afrika Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa upande wa anayesema: serikali iliyoanzisha kituo, mtangazaji aliyependwa, lugha iliyochaguliwa. Upande wa anayesikia umebaki finyu, na pale unapotajwa hutajwa kwa tarakimu, kwamba asilimia fulani ya watu wazima husikiliza kituo fulani. Makala haya yanakusudia kuichunguza tarakimu hiyo kwa kutazama mtaa mmoja, Lac Vert, ulioko magharibi mwa mji wa Goma, katika komini ya Goma, upande wa barabara iendayo Sake. Mtaa huo unaitwa kwa jina la ziwa dogo lililomo ndani ya kasoko ya volkano. Maana ya jina hilo la Kifaransa ni Ziwa la Kijani.

Hoja yetu ni kwamba uchunguzi wa usikilizaji humhesabu kwanza mkazi, ndipo humhesabu msikilizaji. Mahali ambapo ukazi wenyewe ni jambo la mashaka, wale wanaoihitaji redio kuliko wengine ndio wanaoelekea kukosekana katika hesabu.

2. Asili ya mbinu

Mbinu zitumikazo katika kazi hii hazikuzaliwa kwetu. Huko Marekani, Archibald Crossley alianza mwaka 1930 kuwapigia watu simu na kuwauliza walisikiliza nini siku iliyotangulia. BBC ilianzisha utafiti wa wasikilizaji mwaka 1936 chini ya Robert Silvey, na kuanzia mwaka 1939 wahojaji wake wakawa wanawauliza watu kila siku habari za jana. Baadaye ilienea mbinu ya shajara, ambapo msikilizaji hupewa kijitabu akaandika mwenyewe, kwa muda wa juma moja, kituo alichosikiliza kila robo saa. Mwaka 1949 mtakwimu Leslie Kish alichapisha jedwali la kumteua mtu mmoja miongoni mwa wakazi wa nyumba, ili mhojaji asiridhike na yeyote amkutaye mlangoni.

Katika eneo letu, jina lisiloweza kuachwa ni la Graham Mytton, aliyechunguza wasikilizaji nchini Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960 na nchini Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye aliongoza utafiti wa hadhira wa BBC ya kimataifa, na mwaka 1993 alichapisha kitabu cha mwongozo wa utafiti wa hadhira ya redio na televisheni. Kazi ya namna yake ilionyesha kwamba palipo na simu chache na wasomaji wachache, hapana budi mhojaji aende kwa miguu, abishe hodi, na aulize kwa mdomo.

Hata hivyo, dhana ya msingi haikubadilika. Kabla ya hodi ya kwanza kupigwa, mtafiti sharti awe na orodha ya maeneo na makadirio ya watu wake, ili sampuli iwakilishe umma mzima. Kwa kawaida orodha hiyo hutokana na sensa. Hapa ndipo penye tatizo la Lac Vert, kwani sensa ya mwisho ya taifa nchini Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilifanyika Julai 1984.

3. Lac Vert baada ya sensa

Tangu mwaka huo watu wa Lac Vert wamebadilika mara nyingi kuliko ramani yoyote ilivyoweza kufuata. Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache tu. Kipindupindu na maradhi mengine viliua takriban watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Kambi kubwa ya Mugunga ilikuwa jirani na Lac Vert, na hapo Lac Vert ndipo makamanda wa jeshi la Rwanda lililoshindwa walipoweka makao yao. Katikati ya Novemba 1996 kambi hizo zilivunjwa kwa vita, na umati mkubwa ukarejea Rwanda.

Historia haikuishia hapo. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na mara hiyo ya pili wakazi wengi wa Goma waliamriwa kuhama, wengi wakishika njia ya Sake. Kuanzia mwaka 2022 vita vya M23 viliwaleta wakimbizi wa ndani wengi pembezoni mwa Goma, Lac Vert ikiwamo. Mnamo tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga na kuua raia. M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zikaanza kuvunjwa.

Katika vipindi hivyo redio ilikuwa ni haja, wala si burudani tu. Agosti 1994 ilianza kusikika Radio Agatashya kutoka Bukavu, ambayo jina lake la Kinyarwanda humaanisha mbayuwayu mdogo. Iliendelea hadi vita vya Oktoba 1996. Mwaka huohuo wa 1994 BBC ilianzisha Gahuzamiryango, matangazo yaliyokusudiwa kuwaunganisha jamaa waliopoteana. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Tuzingatie kipimo cha robo saa kilichotajwa hapo juu. Kutangaza jina la mtoto aliyepotea hakuchukui hata dakika moja. Kwa mujibu wa shajara, mama aliyelisikia jina hilo ni sawa na mtu aliyefungua redio aburudike kwa muziki akingoja basi, au pengine yuko chini yake. Hesabu hupima muda ambao sikio limekaa; haipimi sikio lilikuwa likitafuta nini.

4. Swali na lugha yake

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina upande mwingine. Swali la kawaida la hojaji ni: "Jana ulisikiliza redio?" Kitenzi sikiliza kimenyambuliwa kutokana na sikia, nacho hudai nia na utulivu. Mwanamke apikaye nje ya hema, huku redio ya jirani ikivuma upande wa pili wa turubai, amesikia. Je, amesikiliza? Akijibu kwa uaminifu wa lugha, huenda akasema hapana, na habari zote alizozipata zikafutika katika takwimu. Aidha, katika Kiswahili cha Kivu, kama katika lahaja nyingine kadhaa, sikia hubeba pia maana ya kuelewa. Kuuliza nani anasikia kituo fulani kunaweza kujibiwa kama swali la ujuzi wa lugha.

Neno kaya nalo, lililozoeleka katika hojaji za Tanzania, si la matumizi ya kila siku Goma, ambako watu husema zaidi jamaa au nyumba. Tena, mtu mwenye karatasi anayeuliza mnalala wangapi humu hufahamika kambini kwa maana moja: anaandikisha watu kwa ajili ya chakula. Kati ya 1994 na 1996 viongozi wa kambi walijulikana kwa kuongeza idadi ya wakimbizi kwa sababu hiyohiyo. Jibu apewalo mhojaji basi si la msikilizaji peke yake. Ni la mtu mwenye njaa pia.

Mwisho, kutaja kituo ni kutaja upande. Baada ya RTLM kuchochea mauaji ya 1994, hakuna aliyeweza kudai katika eneo hilo kwamba kupenda kituo fulani ni suala la ladha tu. Mhojiwa anayeishi chini ya macho ya wenye silaha atachagua jibu lisilo na hatari, na mara nyingi jibu hilo ni "sisikilizi".

5. Hitimisho

Hatusemi kwamba tafiti hizi ziachwe. Kituo kisichoweza kuonyesha wasikilizaji wake hupata shida ya kuwashawishi wafadhili na watangaza biashara, na kikinyamaza, wa kwanza kukosa habari ni yule asiyehesabiwa. Yafaa basi hojaji iulize mtu alisikia wapi na pamoja na nani, sio tu iwapo anamiliki redio. Waliohamishwa waandikwe peke yao badala ya kuachwa au kuchanganywa na wenyeji. Na maneno ya maswali yajaribiwe kwanza kwa Kiswahili cha mahali penyewe.

Kwa mwanahistoria, funzo ni jingine. Asilimia ya wasikilizaji ni hati kama hati nyingine za kihistoria, na huulizwa maswali yaleyale: iliandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na ni mlango gani ambao haukubishwa hodi. Huko Lac Vert, mara nyingi, mlango wenyewe haukuwapo.