Marehemu Hajibu Shairi

Juu ya kijiji chetu cha Kolo, kando ya barabara kuu itokayo Dodoma na Kondoa kuelekea Babati, iko picha ya watu watano katika mwamba. Ni watu warefu, wembamba kama fito. Mmoja yuko katikati. Wawili wamemshika upande huu na wawili upande huu. Mary Leakey, aliyezinakili picha za Kondoa mwaka 1951 na kuzitolea kitabu mwaka 1983, alimwona huyo wa katikati kuwa ni mwanamke anayegombaniwa: hawa wanamvuta, wale wanamzuia asichukuliwe. Tangu hapo picha hiyo ikapata jina la utekaji, na jina hilo ndilo wanaloambiwa wageni wengi wapandao kuitazama.

Wako wataalamu walioisoma vingine. Wamewatazama majirani zetu Wasandawe na ngoma yao ya simbo, ambamo mchezaji hupandwa hata akapoteza fahamu zake, wakasema kwamba huenda huyo wa katikati amezidiwa na wenzake wanamtegemeza asianguke. Hakuna kilichobadilika mwambani. Mikono ni ile ile. Ila kwa msomaji mmoja inateka, kwa msomaji mwingine inauguza.

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na nimewapandisha wanafunzi wangu huko mara nyingi, nikilitaja jina la utekaji pasipo kulifikiria. Nililifikiria kwa mara ya kwanza baada ya kufiwa na mke wangu.

Yaliyonipata yanasimuliwa kwa maneno machache. Siku ya maziko niliulizwa, kama aulizwavyo mume, iwapo niko radhi naye. Nikajibu mbele ya watu kwamba niko radhi, duniani na akhera. Baada ya arubaini, wanawake walipokuja kugawana nguo za marehemu, nilitangulia kulifungua sanduku lake la bati, na chini kabisa nikakuta doti ya kanga nisiyoijua. Ilikuwa mpya, haijakatwa wala kupindwa, na bado ngumu kwa wanga wa dukani. Jina lake lilikuwa la mapenzi yanayofichwa. Sikuinunua mimi. Nikakumbuka mwaka ule aliokaa Dodoma akimuuguza dada yake, naye dada huyo ametangulia mbele ya haki. Niliifunika doti ile, nikalifunga sanduku, na ile radhi niliyoitoa hadharani nikaichukua tena sirini.

Sitaeleza miezi iliyofuata. Nitaeleza nilichokisoma, maana mtu wa vitabu akipatwa na wivu huutafutia wivu wake maktaba.

Nilianza na Mwana Kupona binti Mshamu. Sote tunaujua utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu. Tumezoea kuusoma kama wasia wa mama kwa mwana, na siku hizi wengi huusoma kwa hasira kwa sababu ya utii unaousia. Mimi safari hii niliusoma kama maneno ya mjane. Mama yule anasema kwamba waliishi na mumewe bila kuteta, na kwamba mume aliiaga dunia akiwa radhi naye. Shahidi wa jambo hilo ni yeye mwenyewe, kwani mume yu kaburini. Sikumbuki kumsikia mhakiki hata mmoja akimdai ushahidi wa pili, na wala simdai. Lakini niliona ajabu: neno la mfiwa likiwa sifa tunalipokea mikono miwili.

Ndivyo ilivyo pia kwa Shaaban Robert, ambaye alipata kufanya kazi Mpwapwa, katika mkoa wetu huu wa Dodoma. Shairi lake la kumlilia mkewe Amina, lililomo katika Maisha Yangu, limewaliza wasomaji wa vizazi kadhaa. Ndani yake hamna shaka hata chembe. Ubeti wa maombolezo katika lugha yetu umejengwa hivyo: ni mahali pa kutoa radhi. Tuhuma ikiingia humo hugeuka kashfa, na malenga mwenye haya haithubutu.

Basi tuhuma ya mfiwa imewekwa wapi? Nimeitafuta katika riwaya, na jibu langu ni hili, ambalo wenzangu mnaweza kulipinga: riwaya ya Kiswahili imeipenda sana siri ya nyumbani, lakini mara nyingi imempa mtu wa nje kazi ya kuichunguza. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na tangu hapo akatupatia Bwana Msa, mtu wa kiko na utulivu, anayepita katika majumba ya watu akifumbua ndoa, nasaba na urithi. Mke Mmoja Waume Watatu, cha mwaka 1975, kinajitangaza kwa jina lake tu. Bwana Msa hana kidonda; si mke wake, si mume wake. Ndiyo maana akili yake inaona. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, usaliti wa nyumbani unasimuliwa na msimulizi asiyekuwamo katika kisa, anayemwona mdanganyi na mdanganywa kwa jicho moja. Mimi nilikuwa nikimtafuta mume anayejisimulia mwenyewe, aliyebaki peke yake na sanduku lililo wazi.

Nilimpata Brazil. Joaquim Maria Machado de Assis, mjukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa, alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1839, na riwaya yake Dom Casmurro ilitoka mwaka 1899. Msimulizi ni Bento Santiago, mwanasheria aliyezeeka katika upweke. Anatueleza jinsi alivyompenda Capitu tangu utotoni, akamwoa, wakapata mtoto. Kisha rafiki yake mkubwa, Escobar, akafa maji. Siku ya msiba Bento akamwona mkewe akiikazia macho maiti, machozi machache yakimtoka, naye upesi akayafuta. Kuanzia hapo kila kitu kikawa hati ya mashtaka. Mtoto akaanza kufanana na Escobar. Bento akawapeleka mama na mwana Uswisi, akarudi peke yake. Capitu akafia huko. Kitabu kizima ni mume aliyebaki akitushawishi kwamba marehemu alimsaliti, na kwa kuwa ni mwanasheria anajua kupanga maneno.

Wasomaji walimsadiki. Kwa zaidi ya nusu karne wahakiki wengi waliandika kuhusu hatia ya Capitu kana kwamba ni jambo lililokwisha hukumiwa. Mwaka 1960 Helen Caldwell, mwalimu wa chuo kikuu wa Marekani, alitoa kitabu kilichoilinganisha riwaya hiyo na Othello ya Shakespeare. Aliuliza swali jepesi: ni nani mwingine aliyeyasema haya ila Bento? Tangu hapo Wabrazili wamegawanyika, na mjadala wa Capitu haujafungwa. Machado hakuacha jibu. Alichoacha ni jambo jingine: mkewe, Carolina, alipofariki mwaka 1904, alimtungia soneti ya maombolezo iliyojaa upendo mtupu. Mtu yule yule aliyemtungia mume wa kubuni tuhuma ya kitabu kizima, alipofiwa yeye alitoa radhi kwa shairi, kama Shaaban. Nililifurahia hilo kuliko nilivyotarajia.

Hapa niwarudishe wapenzi wa lugha kwenye maneno yetu wenyewe, kwa maana humo nilipata zaidi. Neno ugoni linasikika zito, na mgoni ni mtu wa kukimbizwa kwa mapanga. Lakini mzizi wake katika lugha kadhaa za Kibantu ni kulala tu. Mnyakyusa akikuamkia kwa "ugonile" anakuuliza kama umelala salama. Kwake ni salamu, kwetu ni shtaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 72, inampa mume au mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Na anayedaiwa ana haki ya kusimama akajitetea.

Kujibu huko ndiko kulikonishika. Katika Sura ya Nuru, amshitakiye mwanamke mwema bila mashahidi wanne ana adhabu yake, viboko themanini. Ama mume asiye na shahidi ila nafsi yake, amewekewa njia ya liani, neno la ukoo mmoja na laana yetu: ataapa mara nne kwamba anasema kweli, na ya tano atajiombea laana akiwa mwongo. Kisha zamu inampata mke. Naye ataapa mara nne kwamba mumewe ni mwongo, na ya tano atajiombea ghadhabu ya Mungu ikiwa mume anasema kweli; na kwa kiapo chake adhabu inamwondokea. Nilikuwa nimezisoma aya hizo tangu chuoni kwa maalimu, na sikuwahi kuona kwamba zimeipa tuhuma nafasi mbili zilizo sawa, ya kusema na ya kujibiwa.

Ushairi wetu nao haukuwa mbali. Tangu Mambo Leo ilipoanza mwaka 1923, na kabla yake katika miji ya pwani, malenga wameshitakiana kwa beti na kujibizana kwa bahari na vina vile vile. Kanga zenyewe ni malumbano. Jina la kanga hujibiwa kwa jina la kanga. Jirani akivaa ya kukuchoma, nawe unakwenda dukani kuchagua ya kumrudishia. Tangu duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, lianze kuyaeneza maneno hayo upindoni, wanawake wa mwambao na wa bara wamekuwa na gazeti lao lisilohitaji mhariri. Na kwa sababu hiyo kanga ni shahidi mgumu. Mwenye kuivaa hakuitunga, na pengine aliyeinunua alitazama rangi tu.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nikiyafundisha. Lakini mbele ya doti ile nilikuwa Bento Santiago: nilisoma jina mara moja nikadhani nimesoma maisha.

Nikiri na kosa jingine, dogo, ili msomaji aone ugonjwa ulivyoenea. Katika kusoma habari za Mary Leakey nilikuta kwamba mara ya kwanza alizitembelea picha za Kondoa mwaka 1935 pamoja na Louis Leakey, ambaye wakati huo bado alikuwa na mke mwingine. Talaka na ndoa mpya vilikuja mwaka 1936. Nikapiga kofi mezani. Ndiyo maana, nikasema, akaona mwambani mwanamke anayegombaniwa! Nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa ndipo nikaona haya. Mama yule alikaa mwaka 1951 katika vumbi letu akinakili mamia kwa mamia ya michoro kwa mkono wake, kazi ambayo bila hiyo tungekuwa tumepoteza mengi, kwa kuwa jua, moshi na mikono ya watu havijaacha kuila miamba. Nami kwa tarehe mbili tu nilikuwa nimempekua kifuani. Naye ni marehemu tangu mwaka 1996, hawezi kunijibu.

Miamba hiyo iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba watu wa hapa bado wanaitumia kwa ibada, hasa za mvua na uponyaji. Mungomi wa Kolo si jumba la makumbusho. Wazee hupanda kwa shughuli zao, na mwenye kuuguza hupanda kwa shida yake. Nami nilipanda peke yangu mwezi wa sita, bila wanafunzi. Nilikaa mbele ya wale watano hadi jua likageuka. Nilitaka kuona ni nani anavuta na ni nani anategemeza, kama mtu anayeweza kulitambua hilo kwa kutazama sana. Vidole havionekani vizuri. Rangi imefifia pale pale ambapo ningeihitaji.

Nilipotelemka nilimkuta shemeji yangu, mdogo wake marehemu, amekuja kutujulia hali. Kwa mara ya kwanza nilimwonesha doti ile. Aliigeuza, akatazama mji wake, akatazama pindo, akasema ni nzuri, na kwamba dada yao wa Dodoma alipokuwa mgonjwa watu walimletea kanga nyingi. Hakusema kwamba hii ni mojawapo. Sikumuuliza. Nilikuwa na swali limejaa kinywa nikalimeza, kwa sababu niliona kwamba jibu lolote ambalo angelitoa ningelisikia kwa masikio yale yale.

Usiku ule nilisema tena maneno niliyoyasema makaburini, pasipo watu. Binti yetu mkubwa ameiomba doti hiyo mara mbili, aikate na kuipinda, avae yeye na mwanawe wa kike. Ijumaa atapita kuichukua.