Anga njo ilikuwa ya kwanza: Sisley na mafuriko ya Port-Marly

Bandugu wasomi, leo tuache kidogo wafalme na vita. Nataka tuzungumze juu ya mutu mumoja mwenye brashi: Alfred Sisley. Mimi nilisoma historia, na kwa muda mrefu nilikuwa nafikiri mchoro wa rangi hauwezi kuwa ushahidi. Ushahidi ni barua, mkataba, ripoti ya ofisi. Huyu mzee alinigeuza mawazo.

Sisley alizaliwa Paris mwaka 1839, wazazi wake wakiwa Waingereza. Baba alikuwa mfanyabiashara, akamutuma London ajifunze biashara. Kijana alienda, lakini moyo ulibaki kwa wachoraji. Aliporudi Paris, aliingia katika karakana ya mwalimu Charles Gleyre. Humo alikutana na Claude Monet, Auguste Renoir na Frédéric Bazille.

Wakati ule, michoro mingi ya mandhari ilikuwa inamaliziwa ndani ya nyumba. Hawa vijana walibeba turubai mpaka kando ya mto. Vitu viwili viliwasaidia: rangi za mafuta zilikuwa zinauzwa tayari ndani ya tyubu za bati, tena treni ilifikisha watu vijijini haraka. Lakini nje kuko na tatizo: mwangaza haungojee mutu. Wingu likipita, kila kitu kimebadilika. Ndiyo sababu walipaka haraka, kwa alama fupi-fupi. Waliona pia kwamba kivuli hakiko cheusi siku zote. Juu ya theluji kinaweza kuwa cha bluu.

Kwa Sisley, siri ni anga. Katika barua moja alieleza kwamba anga haiwezi kuwa pazia la nyuma tu. Njo inapatia picha kina na mwendo, na yeye alikuwaka anaanza na anga. Angalieni michoro yake: mara nyingi anga inakula nusu ya turubai ao zaidi. Nyumba, miti na watu wanapokea mwangaza kutoka kule juu.

Halafu vita ya 1870 kati ya Ufaransa na Prusia ikafika. Biashara ya baba ikaanguka. Sisley, ambaye alikuwa anategemea feza ya nyumbani, akabaki na mwanamke, watoto wawili na brashi. Mwaka 1874 alionyesha kazi pamoja na wenzake katika karakana ya zamani ya Nadar, mpiga picha. Mwandishi mmoja wa gazeti akawachekelea, na jina alilowapa kwa mzaha likawabakia: Waimpreshonisti.

Mwaka 1876 mto Seine ulifurika. Sisley aliishi karibu, akaenda Port-Marly kupaka. Katika mchoro unaojulikana zaidi, nyumba ya muuza mvinyo imesimama kona, maji yameizunguka. Kuko mitumbwi, watu wachache, mawingu makubwa. Hakuna anayelia. Maji yametulia, yanarudisha rangi ya anga.

Niseme kweli: mara ya kwanza niliona huo mchoro nilikasirika. Sisi tuliona Kalehe, Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi. Kwetu mafuriko ni vilio na makaburi. Mutu anawezaje kuyafanya mazuri?

Kisha nikaangalia tena. Yale ya Kalehe yalishuka mlimani kwa nguvu, na matope na mawe. Seine kwa kawaida inapanda polepole, na maji yanaweza kukaa siku nyingi. Sisley alipaka yale macho yake yaliona: maji yamefika wapi kwenye ukuta, watu wanapita namna gani, siku ile mwangaza ulikuwa wa aina gani. Ripoti inaweza kutupatia kipimo cha maji; hali ya hewa ya siku ile mara nyingi inapotea. Lakini mchoro nao unanyamaza: hausemi muuza mvinyo alipoteza nini. Kila ushahidi uko vile. Kazi yetu ni kuuliza unasema nini, na unaficha nini.

Sisley alikufa Moret-sur-Loing Januari 1899, bila mali, na bila kupata uraia wa Ufaransa aliouomba, hata kama alizaliwa kule. Mwaka 1900, mchoro ule wa mafuriko uliuzwa faranga 43.000. Leo uko Paris, katika makumbusho ya Orsay.

Sasa mimi nawaomba kitu kimoja tu. Kwenye simu zetu tuko na picha nyingi za mvua, barabara zilizokatika, ziwa likipanda. Andikeni tarehe, saa na fasi. Bila hayo, kesho mwanahistoria ataona maji tu, hatajua ilikuwa siku gani.